Kabla Makasha ya NESP Hayajafunguliwa, Kaunti Ziandike Zinapokea Nini

Mjadala kuhusu NESP, mpango mpya wa kitaifa wa vifaa vya hospitali nchini Kenya, umegeuka kuwa mjadala wa pesa. Magavana wanauliza nani atalipa na lini. Maseneta, ambao hawajausahau mradi wa kukodi vifaa ulioanza 2015, wanauliza safari hii nani atashiba. Wizara ya Afya inajibu kwamba mambo yamebadilika: hakuna tena kodi ya kila mwaka inayokatwa kwenye mgao wa kaunti, mwenye mashine ataileta, ataifunga, ataitunza, kisha atalipwa kwa kila huduma itakayotolewa, kupitia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Maswali ya pesa ni halali na yanastahili kuulizwa kwa sauti. Ila yametuaminisha kwamba kilichouponza mradi wa kwanza ni namna ya kulipa, na kwamba tukishabadilisha namna ya kulipa tumemaliza kazi. Hapo ndipo tunapokosea.

Hoja yangu ni kwamba kaunti zilipokea mashine za 2015 bila mpango wa kujua mashine hizo zikoje, na bila njia ya kuendelea kujua kadiri zilivyotumika, kuharibika, kurekebishwa na kuhamishwa. Pengo hilo halizibwi na mkataba wa kulipa kwa huduma. Linazibwa na mpango ulioandikwa, wenye mwenyewe, unaoanza kazi kabla kasha la kwanza halijafunguliwa. Wahandisi huita kazi hiyo usimamizi wa usanidi. Kwa lugha ya stoo na wodi, ni kuandika kifaa kilivyo siku kinapokabidhiwa: aina na toleo lake, programu iliyomo, vipande vilivyofungwa ndani, vifaa vinavyoandamana nacho, umeme na maji kinachohitaji, na vitabu vyake vya matengenezo. Kisha ni kudhibiti kila badiliko linalofuata, na kukagua mara kwa mara kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Taaluma hii ilikomaa katika miradi ya silaha na makombora ya Marekani ya miaka ya 1950 na 1960, na leo ina mwongozo wa kimataifa, ISO 10007, ambao toleo lake la sasa ni la 2017. Viwanda vya ndege, mitambo ya nyuklia na majeshi huishi nayo. Hospitali zetu, ambazo mashine zake hushikilia uhai wa watu usiku kucha, bado huiona kama anasa ya wazungu wenye muda.

Turudi kidogo nyuma. Februari 2015, miaka miwili tu baada ya afya kugatuliwa, Wizara ya Afya ilitia saini mikataba ya miaka saba na kampuni za kigeni ili hospitali 98, mbili katika kila kaunti pamoja na nne za kitaifa, zipate vifaa vya upasuaji, vya ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), vya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, na vya eksirei na picha nyingine za mwili. Thamani iliyotajwa mwanzoni ilikuwa shilingi bilioni 38. Kila kaunti ilikatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, na baadaye makato hayo yakapanda hadi milioni 200. Magavana walilalamika kwamba walitakiwa kuweka sahihi bila kuonyeshwa mikataba yenyewe. Kamati maalumu ya Seneti iliuchunguza mradi huo na kutoa ripoti kali mwaka 2020.

Ripoti hiyo ilisomwa na wengi kama ripoti ya ufisadi, na sina haja ya kuitetea serikali hapo. Lakini ukisoma malalamiko ya hospitali zenyewe, unakuta jambo jingine. Kuna mahali vifaa vilikaa ndani ya makasha kwa sababu chumba hakikuwa tayari. Kuna mahali umeme haukutosha, au maji hayakuwepo, au mtaalamu wa kuiendesha mashine hakuajiriwa. Kaunti zenye mahitaji tofauti kabisa zilipelekewa furushi moja lile lile. Ukiyatazama matatizo haya moja moja, kila moja lina mkosaji wake: mkandarasi wa jengo, kampuni ya umeme, idara ya ajira. Ukiyatazama kwa pamoja unaona yana chanzo kimoja. Hapakuwa na hati iliyosema, kwa kila hospitali, kwamba mashine hii yenye sifa hizi itasimama katika chumba chenye sifa hizi, ikilishwa na umeme na maji ya kiasi hiki, ikiendeshwa na watu wenye mafunzo haya, na kwamba kimoja kikikosekana kasha lisisafirishwe.

Chukua mashine ya kusafisha damu. Mgonjwa mmoja, kwa kikao cha saa nne, huhitaji takriban lita 120 za maji yaliyosafishwa kupita kiwango cha maji ya kunywa, kwa sababu maji hayo hukaribiana na damu yake na kutenganishwa nayo na utando mwembamba tu. Kwa hiyo mashine peke yake si kitu. Kifaa kamili ni mashine pamoja na mtambo wa kusafisha maji, tangi, mabomba, vichujio vinavyobadilishwa kwa ratiba, vipimo vya maabara vya maji hayo, na dawa za kuchanganya ambazo mara nyingi huja katika vifungashio vinavyoingia katika mashine ya mtengenezaji fulani tu. Rejista ya mali itakuambia kuna mashine tano za kusafisha damu. Haitakuambia kwamba mtambo wa maji uliofungwa unatosha mashine tatu, wala kwamba vichujio vilivyoagizwa mwaka huu ni vya mtambo wa zamani uliokwisha ondolewa.

Au tazama kitu kidogo zaidi. Katika hospitali moja ya kaunti niliyoitembelea, karani wa stoo alinionyesha kasha la nyaya mpya za kupima oksijeni katika damu, zile zenye kibanio kinachobana kidole cha mgonjwa. Hazikuwa zimetumika hata moja, ilhali wodi ilikuwa na vipima hali ya wagonjwa visivyo na nyaya. Ziliagizwa kwa jina la mtengenezaji wa kipima hali, na jina lilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba watengenezaji wengi wa vipima hivyo huuza umbo moja la nje likiwa na teknolojia tofauti ya oksijeni ndani: huyu anachagua ya Masimo, yule ya Nellcor, mwingine ya mtengenezaji mwenyewe. Skrini ni ile ile, gamba ni lile lile, lakini waya wa moja hausomi kwenye nyingine. Habari hiyo huwa imeandikwa, kwa herufi ndogo, kwenye kibandiko cha kifaa au pembeni mwa tundu la waya. Hakuna aliyeinakili siku kifaa kilipofika. Muuguzi aliyenieleza hayo hakuwa na hasira. Alikuwa amezoea kuhamisha waya mmoja kutoka kitanda hadi kitanda. Mazoea hayo ndiyo yanayoniuma.

Watu wengi wenye nia njema husema hapa kwamba tunayo rejista tayari. Ni kweli. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inawataka maafisa wahasibu wasimamie na kuweka kumbukumbu za mali ya taasisi zao, na Mkagua Hesabu Mkuu huziulizia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna anayebisha. Lakini daftari hilo limetengenezwa kwa ajili ya mwenye hesabu. Linajibu kifaa kilinunuliwa lini, kwa bei gani, kiko chumba gani, na kama bado kipo. Mhandisi ana maswali mengine: ndani ya kifaa hiki kuna toleo gani la programu, betri yake ilibadilishwa lini na kwa ya aina gani, kipande kipi kilichukuliwa ili kuokoa mashine jirani, na je, tangazo la usalama lililotolewa na mtengenezaji mwezi uliopita linaihusu mashine hii au ile ya wodi ya pili. Kifaa kinaweza kuwepo kwenye daftari, kikakaguliwa, kikapigwa picha na bandiko la kaunti likionekana vizuri, na bado kisiweze kufanya kazi iliyokusudiwa. Mkaguzi wa hesabu ataondoka ameridhika. Mgonjwa hataridhika.

Kuna takwimu moja ninayoirejelea mara kwa mara. Utafiti uliochapishwa 2011 ulikusanya orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 kutoka nchi 16 zenye rasilimali chache, ukakuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Sababu kubwa zilizotajwa ni mafunzo, usimamizi wa teknolojia na miundombinu. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mfululizo wa miongozo ya vifaa tiba, ukiwemo wa namna ya kuweka orodha yake. Kwa hiyo mradi wetu wa 2015 ulianza wakati dunia ilikwisha kujua ugonjwa na kuandika dawa.

Wapo watakaosema ninaukuza mno mchango wa kumbukumbu, kwamba nati ni nati na waya ni waya. Kwao nina mfano mmoja kutoka nje, kwa sababu umechunguzwa hadharani hadi mwisho. Kampuni ya magari ya General Motors ilikuwa na swichi ya kuwasha gari iliyokuwa laini mno. Funguo nzito au mtikisiko wa barabara ungeweza kuirudisha nyuma, injini ikazima gari likiwa mbioni, na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva isifunguke. Mwaka 2006 swichi hiyo iliboreshwa kimyakimya. Kosa lililogharimu maisha ni kwamba swichi mpya ilibaki na nambari ile ile ya kipuri. Kuanzia siku hiyo, kwenye makaratasi, swichi mbovu na swichi nzima zilikuwa kitu kimoja. Wachunguzi waliolinganisha magari ya miaka tofauti hawakuelewa kwa nini ajali zilipungua kwenye mapya. Magari yalianza kurudishwa Februari 2014, na hatimaye idadi ikafika milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124.

Watu wa stoo na usafirishaji wanapaswa kuitazama zaidi sehemu ya pili ya kisa hicho, ambayo hutajwa kidogo. Mwishoni mwa Machi 2014 kampuni ililazimika kuita tena magari mengine 971,000 ya miaka ya baadaye, magari yaliyotoka kiwandani na swichi nzuri. Kwa nini? Kwa sababu swichi mbovu karibu 95,000 zilikuwa zimeuzwa kama vipuri, na ingawa nyingi zilitumika kwenye magari ya zamani, hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika elfu chache zilizobaki zilifungwa katika gari lipi. Kasoro ya elfu chache ikaita magari karibu milioni moja. Hiyo ndiyo bei ya stoo isiyoweza kutofautisha vitu viwili vyenye sura moja. Hospitali isiyojua ni pampu zipi za kupitisha dawa kwenye mshipa zina programu yenye kasoro ina njia mbili tu: kuzitoa zote wodini, au kuziacha zote na kuomba Mungu.

Sasa tuzipime hoja za wanaoona mpango wa namna hii hauhitajiki chini ya NESP. Hoja inayosikika zaidi, na iliyo dhaifu zaidi, ni kwamba mashine si zetu tena. Muuzaji ndiye mwenye mali, ndiye mwenye hasara ikiharibika, na kwa kuwa halipwi mashine ikilala, atakuwa na kila sababu ya kuitunza. Kwa nini kaunti ijitwishe kazi ya mwenye mali? Hoja hii ina mvuto kwa sababu nusu yake ni kweli: kulipa kwa huduma kunampa muuzaji ari ambayo kodi ya kila mwaka haikumpa. Lakini ari hiyo inaishia pale faida yake inapoishia. Muuzaji hulipwa picha inapopigwa. Halipwi zaidi picha ikiwa safi. Akibadilisha kipande kwa kingine cha bei nafuu kinachofanya kazi karibu sawasawa, malipo hayapungui. Akisasisha programu na namna ya kukadiria mionzi ikabadilika, malipo hayapungui. Akileta mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, ya uwezo mdogo kuliko iliyotajwa wakati bei ya kila picha inapangwa, malipo hayapungui pia, isipokuwa kama kuna mtu upande wa kaunti mwenye hati ya hali ya msingi, yaani ya kifaa kilivyoandikwa siku kilipokabidhiwa, na mamlaka ya kusema hapana. Aidha, chumba ni cha kaunti, umeme ni wa kaunti, wahudumu ni wa kaunti, na leseni ya kutumia mionzi chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia inahusu mahali na mashine mahususi. Anayedhani amemkabidhi mwingine hatari yote kwa sababu umiliki uko kwa mwingine hajawahi kumweleza jamaa wa marehemu kwa nini mashine ilizima.

Hoja ya pili ni nzito kidogo. Wauzaji wakubwa wanayo mifumo yao. Kila mashine yao ina nambari, historia yake ya matengenezo iko kwenye kompyuta za kampuni, na mara nyingine mashine yenyewe huwasiliana na mtengenezaji kwa intaneti. Ni kweli, na mara nyingi kumbukumbu hizo ni bora kuliko chochote tulicho nacho. Ila ni za mashine zao peke yake. Hospitali haina mtengenezaji mmoja. Ina kipima hali cha huyu kilichounganishwa na mashine ya usingizi ya yule, ikilishwa na oksijeni kutoka mtambo wa tatu, katika chumba kilichojengwa na wa nne. Hitilafu nyingi hutokea kwenye mipaka baina yao, na hakuna muuzaji anayeweka kumbukumbu za mpaka. Tena, kumbukumbu zilizo kwenye kompyuta ya muuzaji ni silaha yake siku ya mzozo. Kaunti ikitaka kudai kwamba mashine ililala siku nyingi kuliko mkataba unavyoruhusu, itategemea hesabu za nani?

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu. Inatoka kwa wahandisi na mafundi wa vifaa tiba wenyewe, na inasema hivi: sisi ni wachache, tunahudumia hospitali na zahanati nyingi, asubuhi tunaanza na jokofu la chanjo na jioni tuko kwenye jenereta, na wewe unataka tujaze fomu. Mpango wowote wa kumbukumbu ukiwa mzito utakufa ndani ya miezi michache, na mpango uliokufa ni hatari kuliko kutokuwa na mpango, kwa sababu watu wataziamini kumbukumbu ambazo hazisemi kweli tena. Jibu ninaloliona la haki ni kuchagua. Si kila kitu kinahitaji usimamizi wa usanidi. Kitanda, kiti cha magurudumu na mizani ya kupima uzito vitosheke na daftari la mali. Nguvu ziwekwe kwenye vifaa ambavyo badiliko dogo lisiloandikwa linaweza kuua au kusimamisha huduma nzima: mashine za kusaidia kupumua, za usingizi, za kusafisha damu pamoja na mitambo yake ya maji, pampu za dawa, vifaa vya watoto wachanga, mitambo ya oksijeni, na mashine za mionzi. Katika hospitali ya kawaida ya kaunti hiyo ni sehemu ndogo ya mali yote, na kumbukumbu ya kifaa kimoja inaweza kutosha kwenye ukurasa mmoja na picha mbili za simu, moja ya kibandiko cha nyuma na moja ya ukurasa wa programu kwenye skrini.

Wala kazi hii haipiti uwezo wa Wakenya. Katika karakana za ndege za Embakasi hakuna kipuri kinachofungwa kwenye ndege bila hati inayosema kilitoka wapi, nani alikithibitisha na kinaruhusiwa kwenye ndege ya aina gani. Fundi anayefanya kazi hiyo amesoma shule zile zile alizosoma fundi wa hospitali. Tofauti yao ni kwamba wa ndege ana sheria nyuma yake: asipoona hati, hafungi, na hakuna meneja anayeweza kumlazimisha. Wa hospitali, mara nyingi, hupigiwa simu mashine ikishafungwa, aje aweke sahihi kwenye hati ya kupokea.

Mpango wenyewe basi ungesema nini? Sehemu kubwa ya hospitali zinazojaribu hununua programu ya kompyuta kwanza, kisha zikashangaa kwamba haina cha kubeba. Mpango huanza na watu na mamlaka. Kwanza utaje kwa cheo nani anaweka hali ya msingi ya kila kifaa muhimu na nani anaruhusu ibadilike. Kwa hospitali ya kaunti hicho kinaweza kuwa kikundi kidogo: mhandisi wa vifaa tiba, muuguzi mkuu wa kitengo husika, mtu wa stoo, mtu wa ununuzi na, pale mashine inapounganishwa na mtandao, mtu wa kompyuta. Badiliko la dharura usiku liruhusiwe na mhandisi wa zamu peke yake, mradi liandikwe kabla ya zamu kuisha. Kuchukua kipande kutoka mashine moja kuokoa nyingine kusikatazwe, maana kutaendelea tu, kuandikwe. Mimi ningekwenda mbali zaidi na kusema mashine iliyotolewa kipande ipate bandiko la rangi siku ile ile, ili asubuhi muuguzi mwingine asiitegemee.

Upande wa stoo na usafirishaji ndiko ambako kazi ina utajiri zaidi, na ndiko kunakopuuzwa. Agizo la vipuri na vifaa vya kutumika mara moja lisitoke kwenye kumbukumbu za mtu wala kwenye ankara ya mwaka jana. Litoke kwenye hali ya msingi ya kifaa kilichopo. Kila kipuri stoo kiandikwe nambari za mashine kinamoingia, na nambari ya kipuri ikibadilika, au sura yake ikibaki na kilichomo kikabadilika, kilichokuwepo kitengwe kwenye rafu yake. Wakati wa kupokea, karani asihesabu makasha tu. Afungue, alinganishe toleo, volti, aina ya plagi na lugha ya vitabu na kile kilichokubaliwa, na awe na haki ya kukataa. Vifaa vya msaada vipite mlango huo huo: mashine iliyotengenezwa kwa volti 120 na hezi 60 za Marekani ikiingia kwenye umeme wetu wa volti 240 na hezi 50 bila mtu kuangalia, wema wa aliyeitoa huishia siku ya kwanza. Na kifaa kinapohamishwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine, kumbukumbu yake isafiri nacho kwenye gari lile lile, pamoja na vipuri vyake, la sivyo tumehamisha chuma tu.

Faida ya haya yote huvuka ukuta wa hospitali moja. Kaunti jirani zenye mashine za aina moja zinaweza kuazimana vipuri leo hii, na hazifanyi hivyo kwa sababu hakuna anayejua jirani ana toleo lipi. SHA inapolipa kwa kila huduma, inalipa ikiamini kwamba huduma ilitolewa na kifaa kinachoweza kuitoa. Kumbukumbu ya usanidi ndiyo njia ya kugundua madai ya picha elfu moja kutoka mashine iliyokuwa ikisubiri kipuri mwezi mzima. Nao wanaojadili kama mkataba wa kulipa kwa huduma ni nafuu kuliko kununua hawawezi kufika popote bila kujua mashine ilidumu muda gani katika hali gani. Kwa sasa pande zote mbili hubishana kwa hisia.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni mwisho wa mikataba. Mkataba wa muda maalumu huisha, wauzaji huondoka au hubadilishwa, na kaunti hubaki na chumba, waya, mabomba na labda mashine zenyewe. Mradi wa 2015 ulipofika ukingoni, swali la nani anarithi nini na katika hali gani lilikuwa gumu, kwa sababu hapakuwa na picha ya pamoja ya hali hiyo. Ili lisijirudie, masharti machache yanapaswa kuingia katika kila makubaliano ambayo kaunti inatia saini: nakala ya kumbukumbu ya usanidi ibaki hospitalini na isasishwe kila badiliko linapofanywa; vitabu vya matengenezo na nywila za kiufundi zikabidhiwe au ziwekwe mahali pa kuaminika pande zote zikijua; muuzaji asibadilishe programu wala kipande muhimu bila taarifa ya maandishi; na miezi kadhaa kabla mkataba haujaisha kufanyike ukaguzi wa pamoja, mashine kwa mashine, fundi wa kaunti akiwa na haki ya kufungua kifuniko. Mikataba iliyokwisha kutiwa saini inaweza kuongezewa viambatisho. Wauzaji makini hawatakataa, kwa sababu katika nchi zao huombwa mambo haya kila siku.

Kamati za afya za mabunge ya kaunti zina nguvu ya kulianzisha hili bila kusubiri Nairobi. Bajeti ya afya inapoletwa mbele yao, wamwombe afisa mhusika kumbukumbu ya mashine moja tu, watakayoichagua wao: mashine ya usingizi ya chumba cha upasuaji cha hospitali ya rufaa ya kaunti. Ilifika lini, ina programu ya toleo gani, imebadilishwa nini tangu ilipofungwa, nani aliidhinisha, na vipuri vyake viko rafu gani. Wampe hadi kesho yake saa nne asubuhi. Na kabla ya kupitisha fungu la vifaa vipya, waulize kama kuna mhandisi wa vifaa tiba aliyeajiriwa na kaunti, si na muuzaji, mwenye mamlaka ya maandishi ya kukataa kupokea kasha.